Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Utafiti wa roboti ufanyike bandarini na Kariakoo

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,



Nakuandikia kuhusu vijana wetu wanaotaka kusoma shahada ya uzamili katika roboti na akili mnemba. Kwa shahada ya kwanza Serikali imeonyesha moyo: Samia Scholarship imewabeba waliofaulu vizuri sayansi kidato cha sita. Wakihitimu na kutaka kuendelea, wengi wanaangalia Ulaya, au Kigali, ambako Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kimekuwa na tawi tangu mwaka 2011. Waende, na wakirudi tuwapokee kwa mikono miwili. Ombi langu ni kwamba utafiti wao, popote watakaposajiliwa, ufanyike hapa Dar es Salaam, kati ya bandari na Kariakoo.

Sababu yangu ya kwanza ni tarehe 16 Novemba 2024. Jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo Jumamosi asubuhi, watu wakiwa kwenye biashara zao. Wapo walionasa chini wakiwa hai, wakawasiliana na waokoaji, wakaomba msaada. Waokoaji walijitoa kweli kweli, usiku na mchana. Hata hivyo tulizika watu zaidi ya 20.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wa kumtafuta mtu chini ya kifusi upo Morogoro, safari ya saa chache tu. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kupenya kwenye vifusi. Panya huvalishwa kimkoba chenye kamera na kipaza sauti; akimfikia mtu huvuta swichi aliyovalishwa, kisha hurudi alikotoka. Wanaomfundisha kila siku ni Watanzania. Kimkoba chenyewe kimebuniwa kwa kushirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi. Nawashukuru Waholanzi kwa dhati. Lakini kukipunguza uzito, kupitisha picha kwenye zege na nondo ambako mawimbi ya redio hufifia, na kuifundisha kompyuta itambue sauti ya binadamu katikati ya kelele za mashine, ni kazi za uzamili ambazo vijana wetu wanaziweza. Na mahali pa kuzifanyia papo: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, iko kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi. Kutoka getini kwake hadi Kariakoo mtu anatembea kwa miguu.

Sababu ya pili ni bandari. Oktoba 2023 Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ilisaini mkataba na DP World wa kuendesha gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30. Mwenye miaka 25 leo atakuwa amevuka 50 mkataba huo utakapokwisha. Mabishano ya mkataba tuliyasikia sana. Sasa nataka tuzungumzie nani atazielewa mashine.

Mtazame mwendesha winchi akiwa kazini. Anashusha kibano hadi kufuli zake nne ziingie kwenye matundu ya pembe za kontena, anafunga, ananyanyua. Akianza kulivuta kuelekea gatini linabembea, na kusi likivuma linabembea zaidi. Hapo hasimami kungoja litulie: anausogeza mkokoteni wa winchi kuufuata mbembeo wenyewe, kontena linanyooka, ndipo analitua juu ya lori. Ujuzi huo uko mikononi mwake baada ya miaka ya kazi. Kuuandika kwa hesabu, kuupima na kuuingiza kwenye programu, ni tasnifu kamili. Na jina la mwendesha winchi huyo liandikwe kwenye tasnifu hiyo, kwa sababu bila yeye mtafiti hana cha kupima.

Hofu ya makuli na vibarua kwamba mashine zitakula ajira zao ni ya haki. Mwaka 1947 makuli wa bandari hii waligoma na mgomo ukasambaa hadi bara. Mtafiti akae nao tangu siku ya kwanza. Aanze na kazi zinazovunja migongo na kukata vidole.

Mheshimiwa, haya hayahitaji jengo jipya. Tenga nafasi chache za ufadhili wa uzamili, zenye sharti la utafiti kufanyika hapa. Kaa meza moja na mwenzako wa Uchukuzi, ili mwanafunzi apate kibali cha kuingia gatini na kumbukumbu za mwendo wa winchi bila kuzungushwa miezi. Waunganishe DIT, Sokoine na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tunaomba tangazo la nafasi za kwanza litoke kabla ya mwaka ujao wa masomo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Gerezani, Kariakoo