Kitanzi Kilichokuwapo Shingoni Muda Wote

Ndugu msomaji, leo naomba uniwie radhi, kwani sitaandika juu ya bajeti wala juu ya katiba. Nitaandika juu ya sehemu moja ya tamthiliya ya televisheni, tena ya wale mashujaa wa Kimarekani wanaovaa barakoa na kurukaruka juu ya mapaa, ambao mwenzangu mmoja hapa kazini huwaita peremende za ubongo. Nimekwisha kuitazama sehemu hiyo mara saba. Mtu wa umri wangu na wa kazi yangu hapaswi kuungama jambo kama hilo hadharani, ilhali wamo wanafunzi wangu wanaosoma ukurasa huu. Nimeamua kuungama hata hivyo, na sababu yake itajitokeza huko mbele.

Tamthiliya yenyewe ni Watchmen, iliyorushwa na HBO mwaka 2019 katika sehemu tisa. Ninayoizungumzia ni ya sita, This Extraordinary Being, iliyoandikwa na Damon Lindelof na Cord Jefferson na kuongozwa na Stephen Williams, mzaliwa wa Jamaika. Mwaka uliofuata tamthiliya hiyo ilinyakua tuzo 11 za Emmy, na mojawapo ilitolewa kwa uandishi wa sehemu hii. Mimi niliitazama kwa mara ya kwanza katika mwaka huo wa 2020, vyuo na shule vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nami sina darasa la kuingia.

Kisa chake ni hiki. Angela Abar, askari polisi wa mji wa Tulsa, anayeigizwa na Regina King, amemeza vidonge vilivyohifadhi kumbukumbu za babu yake, Will Reeves, mzee aliyevuka miaka 100. Hasimuliwi maisha ya babu, anayaishi. Picha inageuka kuwa nyeusi na nyeupe, kamera inatembea bila kukatizwa, na mara tunamwona kijana Will, mara tunamwona Angela mwenyewe amesimama mahali pake ndani ya sare ileile. Pembeni, pasipotarajiwa, mama yake Will anatokea akipiga piano, kama alivyokuwa akipiga katika ukumbi wa sinema siku mji wao ulipochomwa.

Siku hiyo haikubuniwa na waandishi wa televisheni. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, umati wa wazungu uliuvamia mtaa wa Greenwood huko Tulsa, Oklahoma, mtaa wa Wamarekani weusi wenye maduka, hoteli, magazeti na zahanati zao. Nyumba zaidi ya 1,000 ziliteketezwa. Wanahistoria wengi hukadiria waliouawa kuwa kati ya 100 na 300. Hakuna mzungu hata mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, na kwa miongo mingi vitabu vya shule vilinyamaza. Tume rasmi ya jimbo ilitoa ripoti yake mwaka 2001, miaka 80 baadaye. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliitupilia mbali kesi ya fidia iliyofunguliwa na manusura, vikongwe waliokuwa wamevuka miaka 100. Watazamaji wengi wa Marekani walikiri kwamba habari za Tulsa walizipata kwanza katika tamthiliya hii. Jambo hilo linapaswa kumfikirisha kila anayeandaa mihtasari ya somo la historia, popote alipo.

Turudi kwa Will. Mwaka 1938, yatima huyo wa Tulsa anaapishwa kuwa askari polisi wa New York. Beji anavishwa na Samuel Battle, ambaye alikuwa mtu wa kweli, mweusi aliyeingia katika jeshi hilo mwaka 1911. Kijana anaamini sheria. Anamkamata mzungu aliyelichoma moto duka la Myahudi, anamfikisha kituoni, na baada ya muda mfupi anamwona mtu yuleyule barabarani, huru, akijichekea. Anapouliza maswali, askari wenzake wanamvizia usiku. Wanamvika mfuko kichwani, wanamfunga kitanzi, wanamning'iniza juu ya mti.

Hapa ndipo mkono wa mwongozaji unapoonekana, ingawa yeye mwenyewe hajionyeshi. Tumo ndani ya mfuko ule pamoja na Will. Tunasikia pumzi yake, tunaona giza la kitambaa, miguu inatafuta ardhi haiipati. Kisha wanaikata kamba. Wanamwonya kwamba safari nyingine hawataikata. Anaanza kutembea kurudi nyumbani, kitanzi kikiwa bado shingoni, mfuko mkononi. Njiani anasikia mayowe: mwanamume na mwanamke wanavamiwa na wahuni uchochoroni. Anautazama mfuko. Anauchana matundu mawili ya macho, anauvaa, anaingia.

Nitaeleza kwa nini tukio hilo lilinifanya nisimamishe picha na kuketi kimya. Watchmen ilianza kama kitabu cha katuni cha Alan Moore na Dave Gibbons, kilichotoka katika matoleo 12 mwaka 1986 na 1987. Nilikisoma nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nakala iliyochakaa, ya kupokezana. Ndani yake yumo shujaa wa kwanza kabisa wa barakoa, Hooded Justice, yaani haki iliyofunikwa uso, na sura yake halisi kitabu hakiithibitishi kamwe. Kwa zaidi ya miaka 30 wasomaji tulimchukulia kuwa mzungu. Wengine walifuata dokezo la kitabu kwamba huenda alikuwa Mjerumani fulani, mbeba vyuma wa sarakasi. Nami nilikuwa miongoni mwao, mtu mweusi nisomaye katuni chini ya mwembe. Ilhali vazi lake lilikuwa wazi mbele ya macho yetu: mfuko kichwani, na kitanzi shingoni. Tulidhani ni pambo! Nani, katika Marekani ya miaka ile ya 1930, angekuwa na sababu ya kuvaa kitanzi? Lindelof na Jefferson hawakubadili hata mstari mmoja wa kitabu. Waliuliza tu swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumeliuliza.

Mwenzangu wa peremende za ubongo husema kwamba hadithi za mashujaa hawa humfundisha kijana kungoja mwokozi badala ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa sehemu kubwa ya hadithi hizo nakubaliana naye bila ubishi. Ila sehemu hii inasema jambo ambalo hata yeye angelitia sahihi: mtu wa barakoa huzaliwa kituo cha polisi kinaposhindwa kuwa kituo cha polisi. Will hakuitafuta barakoa. Aliitafuta beji.

Tena, barakoa yenyewe haitoshi. June, mkewe, ambaye naye ni yatima wa Greenwood aliyeokotwa na Will akiwa mtoto mchanga siku ya moto, anamkalisha mbele ya kioo na kumpaka rangi nyeupe kuzunguka macho, ili atakayeyaona kupitia matundu adhani ndani yumo mzungu. Watu watampenda shujaa, anamweleza, maadamu wanamwona kuwa mwenzao. Basi mtu huyu anavaa uso juu ya uso. Wanampokea katika kundi la mashujaa wenzake wazungu, na kiongozi wa kundi hilo, ambaye ni mpenzi wake wa siri, anajua yaliyo chini ya rangi na anamsihi asiwaonyeshe wengine. Will anapogundua kwamba kikundi cha siri kinatumia mashine za sinema kuwapumbaza watu weusi wa Harlem ili wauane wao kwa wao, anapiga simu kuomba msaada. Anajibiwa kwamba hayo si mambo ya kundi lao. Anakwenda peke yake, na anafanya katika ghala lile mambo ambayo kamera haiyaonei fahari.

Nina lawama moja. Kikundi hicho cha siri, Cyclops, kinamrahisishia mtazamaji kazi. Kinamwacha aamini kwamba uovu ulikuwa njama ya wachache wenye ishara za mkono na ghala la kujifichia, ilhali waliouchoma mtaa wa Greenwood walikuwa majirani, mchana kweupe, na baadhi yao walikuwa wamepewa mamlaka ya askari wa muda na viongozi wa mji. Kwa hili televisheni imekuwa na huruma kuliko historia.

Lakini yote hayo, ndugu msomaji, ningeweza kuyasema baada ya kuitazama mara mbili. Mara tano zilizobaki nilikuwa nikitazama dakika zilezile. Will anarudi nyumbani kutoka ghalani, akiwa bado ananuka moshi, na anamkuta mwanawe mdogo mbele ya kioo kile, amejipaka rangi nyeupe kuzunguka macho. Mtoto anamwiga baba. Will anamkamata kwa nguvu na kumsugua uso, akimpigia kelele kwamba ile rangi lazima itoke. Mtoto analia. June anamchukua mtoto na kurudi Tulsa. Alikuwa ametumaini kwamba kifuniko kile kingemwondolea mumewe hasira, kumbe kiliilisha.

Sasa nitaje sababu niliyoiahidi. Kwa miaka minne niliandika safu katika gazeti moja kwa jina la bandia. Hakuna aliyenitisha, nisijifanye mhanga. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, nikajipimia mwenyewe hofu na kuivaa. Nilijifunza hata kuandika kwa sauti isiyo yangu, sauti ya mtu mzima wa mjini asiye na kabila wala kijiji, ili atakayesoma asidhani ni fulani. Nilisema ya kweli mengi katika safu ile, na sijutii hata moja. Mwaka 2018 binti yangu, akiwa kidato cha pili, alikuja na ukurasa wa gazeti aliokata kwa ajili ya mdahalo wa shuleni.

"Baba, huyu mtu anaandika kama anavyoongea mwalimu wetu wa uraia. Unamfahamu?"

Nilimwambia simfahamu. Nikaongeza, kwa ukali ambao hata mimi ulinishtua, kwamba asipoteze muda na watu wasio na ujasiri wa kutaja majina yao. Alikikunja kile kipande mara mbili, akakitia ndani ya daftari, akaondoka sebuleni.

Miaka miwili baadaye nilimwona mtoto wa Will akisuguliwa uso, nikakumbuka namna kile kipande kilivyokunjwa. Ilinichukua wiki nzima. Jumapili moja jioni nilimwita, nikamweleza kwamba yule mwandishi wa mdahalo wake alikuwa mimi.

"Nilijua," alisema. "Ni wewe peke yako unayeandika 'ilhali' kila baada ya aya moja."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile, Baba. Uligomba kwa maneno yaleyale ya gazetini."

Niliomba atazame nami sehemu ile ya sita. Alikubali, kwa sharti kwamba nisiwe nasimamisha picha kila dakika kueleza. Alitazama akiwa amekumbatia mto wa kiti, hakusema neno hata pale kwenye mti. Ilipokwisha aliniuliza kama Will aliwahi kumwomba mtoto wake radhi. Katika sehemu ile, hapana. Nilimjibu hivyo, na kabla hajainuka nikamwomba radhi yangu.