STARA ISITUNYIME HAKI

Ni wengi miongoni mwa wanachama wetu walio na mtoto, ndugu au jamaa aliyehamia Uingereza, na simu baina ya huku na huko hazikatiki. Husemwa mengi katika simu hizo: harusi, maradhi, ujenzi wa nyumba. Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo aghlabu husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa, nalo ni hali ya kijana mwenye usonji anayetimiza miaka 16 katika nchi ile, na malipo ambayo sheria ya huko imemwekea.

Twalinena kwa kuwa sisi tuliobaki visiwani tuna mkono katika jambo hili, wala si mkono wa kheri siku zote. Mama aliyeko London akimweleza mzazi wake kwamba anajaza fomu ya ulemavu kwa ajili ya mwanawe, mara nyingi hujibiwa: "Mtoto hana kitu huyo, atakua tu. Usimwandikie aibu." Neno hili latoka katika mapenzi, na katika ada yetu njema ya kusitiriana. Lakini likifuatwa, mwenye kukosa ni kijana.

Kwanza tuifahamu haki yenyewe. Katika England na Wales, mtoto mwenye ulemavu aliye chini ya miaka 16 huombewa malipo yaitwayo DLA. Akikaribia 16 hupelekewa barua ya kumtaka aombe malipo mengine, yaani Personal Independence Payment, au PIP kwa ufupi, yaliyoanzishwa mwaka 2013. Scotland ina utaratibu wake mbali. Barua hiyo huwa na tarehe. Asiyeomba kabla ya tarehe hiyo, DLA yake husimamishwa. Aliyeomba kwa wakati huendelea kulipwa mpaka uamuzi utolewe. Tangu umri huo kijana ndiye mwombaji mwenyewe, na ikiwa hawezi kuyasimamia mambo yake, mzazi huomba ateuliwe kuwa msimamizi wake.

Malipo haya hayatazami mshahara wa baba wala akiba ya benki. Si sadaka wala si fadhila ya karani. Ni haki iliyotungiwa sheria. Ila mzazi au kijana ambaye kibali chake cha kukaa kina sharti la kutotumia fedha za umma asiombe kabla ya kupata shauri la mjuzi wa sheria za uhamiaji, maana kuomba kwaweza kumtia khatarini.

Sasa tuitazame fomu. Yauliza mambo 12: 10 ya maisha ya kila siku, kama kupika, kula, kuoga, kuvaa, kuzungumza, kukaa na watu na kutumia fedha, na 2 ya mwendo, yaani kuijua na kuifuata njia, na kutembea. Kila jambo hupewa alama, na kila fungu huhesabiwa peke yake: mwenye alama 8 hupata malipo ya kawaida, mwenye 12 hupata ya juu. Jina la usonji peke yake halina hata alama moja. Kinachopimwa ni taabu ambayo usonji wamletea mtu katika siku zake.

Hapa ndipo stara inapotudhuru. Fomu yauliza: Je, aweza kuoga? Mama hujibu: Aweza. Hakuandika kwamba kila siku yeye ndiye anayemkumbusha mara tatu, anayefungua maji na kusimama mlangoni, kwani kijana akiachwa hataoga wiki nzima. Je, aweza kupika? Aweza. Hakuandika kwamba akisikia kelele ya ghafla huondoka na kuuacha moto ukiwaka. Je, aweza kusafiri? Aweza, hupanda basi kwenda skuli. Hakuandika kwamba siku basi lilipobadilishiwa njia kijana aliganda asijue la kufanya, mpaka akafuatwa. Mama huyu hakusema uongo kwa kukusudia. Kazi aliyoifanya miaka 16 imekuwa kama pumzi zake, hata haioni tena kuwa ni kazi.

Lakini sheria yaiona. Yasema kwamba mtu hahesabiwi kuwa aliweza jambo ila alifanye kwa salama, kwa namna ya kuridhisha, kila linapohitajika, na bila ya kuchukua muda kupita kiasi. Hali itazamwayo ni ile inayompata zaidi ya nusu ya siku zake. Tena kukumbushwa, kuhimizwa na kuangaliwa na mtu mwingine ni msaada unaohesabiwa. Basi ajazaye fomu aandike yote hayo kwa mifano: nini hutokea, mara ngapi, na nani husaidia. Aambatanishe barua za skuli na za wataalamu wanaomjua kijana, aweke nakala ya kila karatasi, na airejeshe fomu ndani ya mwezi mmoja aliopewa.

Hatusemi mtu aongeze chumvi. Kuongeza ni uongo, na kupunguza kwa haya pia si ukweli. Wala kijana asiandikwe nyuma ya mgongo wake. Aambiwe kwamba karatasi hii yauliza mazito tu, haiulizi wema wake, wala hodari yake ya hesabu, wala ucheshi wake. Kwa hiyo si picha yake kamili. Kisha aulizwe naye aonavyo.

Akinyimwa, asikate tamaa. Ana mwezi mmoja wa kutaka uamuzi utazamwe upya, na baada ya hapo aweza kwenda mbele ya baraza la rufaa lisilo chini ya idara iliyomnyima. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya kesi za PIP zilizosikilizwa huko zimemalizika kwa ushindi wa mwombaji. Na mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilipotaka kuyakaza masharti, kwa kumtaka mwombaji apate alama 4 katika jambo moja la maisha ya kila siku, wabunge wa chama chake chenyewe waliinuka, ikalazimika kukiondoa kifungu hicho. Haki hulindwa na wanaoisema.

Ndugu wanachama, wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Simu ya wiki hii ikija, tusimwambie binti yetu anyamaze. Tumwambie aandike kweli yote, na tumuulize amechoka kiasi gani. Nasi tukumbuke kwamba vijana kama huyo wako Wete, Mkoani, Makunduchi na Ng'ambo. Watakaoona aibu kumtaja kijana wa London hawatakuwa na ulimi wa kumdaia haki kijana wa mtaani kwao.