Klabu ipi ya kambi kwa familia inayotaka shamba na utulivu?

Kila majira ya kuchipua yakianza hapa Uingereza, maswali ya kambi nayo huanza. Leo nalijibu moja: familia inayotaka kulala shambani, mbali na kelele za viwanja vikubwa, ijiunge na klabu ipi?

Tuanze na sababu ya kuwa na klabu. Sheria ya viwanja vya karavani ya mwaka 1960 inaruhusu vyama vinavyotambuliwa kumpa mkulima cheti cha kupokea karavani zisizozidi 5, bila yeye kuomba leseni ya halmashauri. Sharti ni kwamba wageni wawe wanachama. Ndiyo maana viwanja vingi vidogo, nyuma ya ghala la nyasi au kando ya bustani ya matofaa, huwezi kuvipata kwa kulipa pesa ya usiku tu. Kadi ya uanachama inatakiwa.

Klabu kubwa ni mbili. Camping and Caravanning Club ilianza mwaka 1901 na watu waliosafiri kwa baiskeli na hema. Viwanja vyake vidogo huitwa Certificated Sites, navyo ni zaidi ya 1,000. Kila kimoja hupokea karavani au magari ya kulala hadi 5, na nafasi ikiwepo, mahema hadi 10. Caravan and Motorhome Club ilianza mwaka 1907. Vyake huitwa Certificated Locations, ni zaidi ya 2,000, lakini kwa kawaida ni vya karavani na magari ya kulala.

Basi usichague kwa kuangalia nani ana viwanja vingi. Jiulize kwanza unalala ndani ya nini. Wengi wetu tunaanza na hema, kwa sababu karavani ni ghali na hatuna pa kuiegesha. Mwenye hema, ushauri wangu ni klabu ya kwanza. Mwenye karavani azilinganishe zote mbili.

Pili, fungua ramani ya kila klabu kabla ya kulipa. Hesabu viwanja vilivyo ndani ya mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Sisi wa zamu za saa 12 tuna wikendi chache za kukaa na watoto; hatuwezi kuimalizia barabarani.

Tatu, gawanya ada. Tuseme ni pauni 50 kwa mwaka. Mkilala nje mara mbili tu, kila usiku umeongezewa pauni 25. Mkilala mara kumi, ni pauni 5. Uliza pia kama uanachama mmoja unamhusu mwenzi wako na watoto. Na kama safari zenu ni za Scotland, kwa hema na kwa miguu, huenda hamhitaji klabu: sheria ya ardhi ya 2003 inaruhusu kulala kwenye sehemu nyingi zisizo na uzio, ingawa maeneo kama kingo za Loch Lomond yana masharti yake kuanzia Machi hadi Septemba.

Sasa ukweli wa viwanja hivi. Vingi vina bomba la maji ya kunywa, mahali pa kumwaga choo cha kemikali, na basi. Choo na bafu mara nyingi hakuna. Beba choo chako cha kubebeka, ndoo, na kopo la kutawadhia. Ukiwa na mtoto mdogo, au mama aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani, mpigie mwenye shamba simu kabla ya kulipia. Muulize: choo kipo? Gari linafika hadi kwenye hema? Simu inashika mtandao? Wengi hupokea simu wenyewe na hujibu vizuri.

La mwisho nalisema kama muuguzi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata likionekana limezimika, hata kukiwa na baridi kiasi gani. Makaa huendelea kutoa monoksidi ya kaboni kwa saa nyingi. Gesi hiyo haina harufu, na inaua watu usingizini. Hapa hatuna nyumba ya makuti inayopitisha hewa. Hema la kisasa hufungwa kwa zipu pande zote. Mtu akilalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, wote mtoke nje mara moja, kisha pigeni 999. Andika msimbo wa posta wa shamba kwenye karatasi mapema, kwa maana gari la wagonjwa litauhitaji.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumzia mifuko ya kulalia ya watoto. Nitumieni maswali yenu.