Mamdani Hatapiga Kura Ishiara

Asubuhi ya tarehe 5 Novemba 2025, simu zote za base yetu hapa Ishiara zilikuwa na sura moja. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, miaka 34, alikuwa ameshinda umeya wa New York. Soda ziliagizwa kwa deni, muguka ukazungushwa, na msee mmoja akapiga kelele: "Mtoto wa huku kwetu ameweza!" Mimi pia nilishangilia. Hotuba yake niliituma kwa magrupu matatu kabla sijapiga mswaki.

Wiki tatu baadaye, tarehe 27 Novemba, tulikuwa na uchaguzi wetu wenyewe. Kiti cha ubunge cha Mbeere Kaskazini kilikuwa wazi baada ya Geoffrey Ruku kuteuliwa waziri. Vigogo walijaa huku: Kithure Kindiki upande mmoja, Rigathi Gachagua na Justin Muturi upande wa pili. Mwishowe Leo Wamuthende wa UDA alimshinda Newton Karish wa Democratic Party kwa tofauti isiyofika kura 500.

Soma hiyo namba tena. Hazifiki 500. Hapa Ishiara, siku ya soko, watu hao unawapata upande wa mbuzi peke yake.

Base yetu ina watu kumi na mmoja. Waliopiga kura siku hiyo walikuwa watatu, na mimi sikuwa mmoja wao. Kura yangu iko Nairobi, nilikojiandikishia nikiwa chuo, na sikuwahi kujisumbua kuihamisha. Siku nzima niliketi kivulini nikichambua siasa za Queens kama mtu anayeishi huko.

Sisemi nani alifaa kushinda. Hilo ni la waliojitokeza kupiga kura. Ninalosema ni kwamba sisi vijana tumeigeuza siasa ya Marekani kuwa mechi: tunachagua timu, tunashangilia, tunazima simu. Na kile hasa kilichomfikisha Mamdani pale alipo, hatutaki hata kukiangalia.

Tunachopenda ni zile video zake. Lakini kabla ya video alikuwa mshauri wa watu waliokaribia kufukuzwa kwenye nyumba zao kwa sababu ya madeni. Mwaka 2020 aligombea kiti cha bunge la jimbo, akiwakilisha kipande kimoja tu cha Queens. Mwaka 2021 aligoma kula kwa siku 15 pamoja na madereva wa teksi waliokuwa wamezama kwenye mikopo. Alipoanza kutafuta umeya, kulikuwa na kura ya maoni iliyompa asilimia 1. Kilichomwinua ni maelfu ya watu waliojitolea kubisha mlango baada ya mlango wakiuliza: kodi yako ni ngapi, na nauli inakuumiza vipi?

Sasa niambie, ni nani wa rika letu amewahi kubisha hodi Ishiara akamuuliza cucu bei aliyouzia ndengu zake msimu uliopita?

Najua jibu litakalokuja: sisi hatuna viongozi, na hiyo ndiyo nguvu yetu. Juni 2024 tuliimba hivyo, hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama, na ilifanya kazi. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Kukosa kiongozi kulikuwa ngao: hakukuwa na mtu mmoja wa kununua wala wa kuteka. Hiyo heshima siigusi, kuna watu waliilipia kwa damu.

Lakini ngao hailimi shamba. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, kaunti ya Mombasa ilikuwa imepiga marufuku muguka, zao lililonilipia karo na linalolisha nusu ya wasomaji wangu wa huku. Waliokimbia kututetea ni wanasiasa walewale tunaowatukana mitandaoni, kwa sababu ndio pekee waliokuwa na kiti mezani. Sisi tulikuwa na hashtegi.

Utaniambia pia kwamba New York si Ishiara. Kweli kabisa. Kule mji humwongezea mgombea pesa za umma kwa kila mchango mdogo wa mkaazi, hadi dola 8 kwa dola 1. Hapa Sheria ya Kugharamia Kampeni ya 2013 haijawahi kudhibiti uchaguzi hata mmoja, na mwenye gunia la noti anaanza mbio akiwa mbele. Kwa hivyo simdanganyi mtu kwamba video nzuri zitatosha.

Lakini Katiba yetu ina mlango ambao hatuusukumi. Anayetaka udiwani bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi yake. Mia tano! Idadi inayozidi kidogo tu ile iliyoamua nani atatuwakilisha Bungeni. Kama rika letu haliwezi kukusanya sahihi 500 katika wadi ya Evurore, basi tatizo letu si wazee, si chama, wala si Nairobi. Ni sisi, na hiki kivuli tunachokipenda.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kura yangu naileta nyumbani, na jioni za wiki nitakuwa natembea na kijitabu nikiuliza bei ya ndengu. Nimewaambia wasee wa base. Wawili wamesema tutaenda pamoja, mmoja amecheka, wengine wakarudi kwa simu zao.

Huyo aliyecheka ndiye nitakayeanza kumbishia hodi.