Dawa Rahisi Nayo Ipimwe Kwetu

Adui maradhi tulimtaja tangu zamani pamoja na ujinga na umaskini. Leo nataka tumtazame upande mmoja ambao hausemwi sana mikutanoni.

Mtu wa Runazi akishikwa na saratani, safari yake ni ndefu: kwanza Biharamulo, kisha njia ya Geita mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kivuko hakimcheleweshi tena. Hilo ni jema, nasi twashukuru. Lakini akisharudi nyumbani, adui mwingine humfuata kitandani: kukonda.

Jamaa humpikia uji, ndizi na supu ya samaki, na bado anakwisha. Wengine husema amerogwa. Sivyo. Saratani huuchochea mwili ukaungua wenyewe kwa ndani. Chembe za ulinzi hutoa kemikali zinazoondoa hamu ya kula na kuyeyusha misuli. Ndiyo maana chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, na aliyedhoofika hushindwa hata kuvumilia dawa kali za saratani yenyewe.

Sasa tazameni India. Madaktari wa hospitali ya umma ya Puducherry walichukua olanzapini, kidonge cha siku nyingi cha wagonjwa wa akili, wakawapa wagonjwa wa saratani ya tumbo, ini, kongosho na mapafu waliokuwa wakitibiwa. Kipimo kilikuwa kidogo: miligramu 2.5 kwa siku, kwa wiki 12. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Waliopata kidonge hicho, asilimia 60 waliongezeka uzito kwa zaidi ya sehemu 5 katika 100. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, ni asilimia 9 tu.

Basi kwa nini jambo hili halivumi? Kwa sababu halina tajiri wa kulipigia ngoma. Kampuni hufuata faida, na kidonge ambacho kila kiwanda chaweza kukitengeneza hakimpi mtu faida kubwa. Kazi ya kukipima ni ya umma: ya Serikali, ya vyuo vikuu vyetu, ya Bugando na ya taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wamechelewa, na wengi wana saratani ya koo la chakula. Hatuna budi kujua kidonge hiki kinawafaa wao kiasi gani.

Wala tusijidharau. Ng'ambo ya Ziwa, katika hospitali ya Mulago, daktari Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowashika watoto. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa, na madaktari wake wakasaidia kuionyesha dunia kwamba saratani hiyo yaweza kuponywa kwa dawa. Afrika Mashariki ilifundisha. Yaweza kufundisha tena.

Lakini nawaonya, ndugu: asitoke mtu mbio kwenda duka la dawa. Olanzapini huleta usingizi, wala haiondoi saratani. Deksamethasoni huamsha hamu ya kula kwa muda, lakini ikizidi siku hula misuli na kupandisha sukari. Diklofenaki yaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Tena kukonda kwaweza kuwa kifua kikuu, nacho kinatibika. Daktari ndiye aamue.

Kwa hiyo mikutano ya matawi iulize maswali mawili wazi. Mgonjwa wa saratani anayerudi kijijini, nani anampima uzito na kumtuliza maumivu? Na dawa hizi rahisi zitapimwa lini kwa watu wetu, na wataalamu wetu? Taifa huru halikai kitako likingoja wengine walipimie dawa.