Mchoro uliofichua siri ya daraja la chuma

Wapo wazazi ambao, wakimwona mtoto anachora, humpokonya penseli wakidhani anapoteza wakati wa masomo. Wengine huhofia hukumu ya picha. Ama kwa hili la pili, wanazuoni walio wengi hawakuona ubaya katika kuchora mti, jengo au mtambo, vitu visivyo na roho. Basi anayetaka kumfunza mwanawe kuchora kwa kutazama, na ampeleke penye viwanda vya kale: matanuri, mabomba ya moshi, madaraja. Huko kuna mengi ya kuchorwa, na huenda mchoro ukawa ushahidi usiopatikana kwingine.

Tutazame Ironbridge, Uingereza, katika bonde jembamba la mto Severn. Karibu na hapo, Coalbrookdale, ndipo mwaka 1709 Abraham Darby alipofaulu kuyeyusha mawe ya chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa, badala ya makaa ya miti. Mjukuu wake, aliyeitwa jina hilohilo, akajenga daraja kubwa la kwanza duniani la chuma kilichomiminwa katika kalibu. Lina tao moja lenye upana wa takribani mita 30, na chuma chake kina uzito wa tani 378 hivi. Tao lilisimamishwa mwaka 1779, na daraja likafunguliwa tarehe 1 Januari 1781.

Darby huyu alijua thamani ya picha. Mwaka 1780 alimlipa mchoraji William Williams gini 10 kwa picha ya daraja, nalo humo laonekana limekamilika, zuri la kutangazia biashara. Lakini picha za namna hiyo hazikujibu swali moja: vipande vya zaidi ya tani 5 viliinuliwaje juu ya mto uliokuwa njia ya mashua za mizigo? Kwa zaidi ya miaka 200 wajuzi walikisia tu.

Kumbe jibu lilikuwa Stockholm. Mwaka 1997 uligunduliwa huko mchoro mdogo wa rangi za maji wa Elias Martin, msanii wa Sweden, aliyefika mtoni kazi ikiendelea. Yeye alichora alichokiona: daraja ambalo halijatimia, na dungu la miti mtoni, milingoti yake ikitumika kuinulia vyuma. Mwaka 2001 mafundi walijenga mfano wa daraja hilo, nusu ya ukubwa wake, kwa kufuata njia iliyoonekana katika mchoro ule. Ukasimama.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu Martin hakungoja daraja likamilike. Sisi huupiga picha msikiti ukishapakwa rangi. Ni nani aliyewachora mafundi wakiwa juu ya dungu? Simu hupiga picha mia kwa dakika chache, na mwenye simu akaondoka asijue nguzo ile ilishikwa na nini. Mkono unaochora hukwama mpaka jicho lijue mstari unaishia wapi.

Na daraja hili lina mengi kwa jicho la namna hiyo. Anayekaa ukingoni akavifuata viungo vyake kwa penseli ataikuta kazi ya seremala: ndimi zimeingizwa matunduni, kabari zimepigiliwa. Chuma kimeungwa kama mbao, maana ufundi wa kuunga mbao ndio waliokuwa nao.

Anayeanza na achore kwanza umbo kubwa, yaani kingo mbili, tao, na taswira yake majini, ambavyo pamoja hukaribia duara. Apime kwa penseli, mkono umenyooshwa na jicho moja limefumbwa. Kisha achague kiungo kimoja, akichore kikubwa pembeni, aandike tarehe na mahali alipokaa. Watoto wasisogee ukingoni. Na palipo na kiwanda kilichofungwa, mlinzi aombwe ruhusa kwanza; sakafu iliyooza haina huruma.

Rangi nayo isisahauliwe. Mwaka 2018, baada ya matengenezo, daraja lilirudishiwa rangi yake ya awali, nyekundu iliyokoza, iliyokuwa imefunikwa na kijivu kwa miaka mingi. Asiye na penseli ya rangi hiyo aandike tu pembeni ya karatasi: nyekundu iliyokoza.