Mayai ya Tausi Chini ya Kuku wa Kienyeji

Tausi ni jina la kale katika pwani yetu. Wamo mabibi walioitwa hivyo, na anayetaka kusifu uzuri wa mwanamke humtaja ndege huyu bila ya kufikiri sana. Hata hivyo, wanaomjua kwa sifa ni wengi kuliko wanaojua kumfuga. Asili yake ni Bara Hindi na Sri Lanka, na katika Afrika Mashariki ameonekana zaidi kwenye majumba ya wakubwa: mwezi wa Julai 2019, Rais Magufuli alimzawadia Rais Uhuru Kenyatta tausi wanne alipomtembelea Chato. Siku hizi zimo familia zinazotamani kuwafuga kwa ajili ya kuuza, na makala ya wiki hii tumeyaandika kwa ajili yao.

Tutangulize swali ambalo kina mama huuliza kwanza: je, analiwa? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi hapa pwani, kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imamu Nawawi ni kwamba nyama yake si halali. Kumfuga na kumuuza kwa kufurahia rangi zake hakukukatazwa. Basi anayetia akiba yake humo aelewe kwamba njia ya kutokea ni moja tu. Kuku asiyeuzika huchinjwa. Tausi asiyeuzika huendelea kula. Waliofuga kware mwaka 2013 na 2014 wanakumbuka bei ilivyopaa na ilivyoporomoka. Tafuteni mnunuzi kabla ya kununua ndege, na piteni ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori muulize kuhusu kibali. Na kwa nyumba za Kibokoni au vichochoro vya Lamu hatushauri kabisa, kwani dume huwika kwa sauti kali alfajiri na jioni, na jirani ana haki yake.

Jike huanza kutaga akifikia takriban miaka miwili. Dume hukamilika mkia akiwa na miaka mitatu, na hutosha majike watatu au wanne. Jike hutaga baada ya alasiri, yai moja kila baada ya siku moja hivi, akafikisha manne hadi manane kisha akalalia. Mayai yakiondolewa, huendelea kutaga. Pengine hutaga akiwa juu ya ulingo wake wa kulalia, yai likaanguka na kupasuka; kwa hiyo tandazeni majani makavu chini yake.

Wenye mashine ya kuangulia huiweka kwenye nyuzijoto 37.5, lakini umeme ukikatika usiku kucha, kazi ya wiki tatu imepotea. Kuku wa kienyeji hana habari ya umeme. Chagueni koo aliyezoea kulea, ambaye ndiyo kwanza ameanza kulala, kwa sababu mayai yake huanguliwa kwa siku 21 na ya tausi huhitaji 28. Atakayechoka na kuinuka siku ya 22 atawaua vifaranga wakiwa ndani ya maganda. Yai la tausi ni karibu mara mbili ya la kuku; asipewe zaidi ya manne au matano. Kwa kuwa ni mazito kwake kuyageuza, tieni alama ya penseli upande mmoja na kumsaidia kuyageuza asubuhi na jioni. Siku ya kumi, yamulikeni kwa tochi gizani: lenye mishipa libaki, jeupe litolewe. Chakula na maji yawe karibu naye ili asikae nje muda mrefu.

Hapa ndipo penye mtihani. Kuku huyo huyo aliye mlezi bora ndiye anayeweza kuwaangamiza. Kuku wengi hubeba minyoo ya utumbo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo hujificha kijidudu kinachoshambulia utumbo na ini. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili. Kifaranga wa tausi hulegeza mabawa, husinzia, huhara kinyesi cha manjano kama kiberiti, kisha hufa. Mayai ya minyoo hudumu udongoni kwa miaka, na nyungunyungu huyabeba pia. Kufagia ua peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo koo apewe dawa ya minyoo kabla ya kuwekewa mayai, na atiwe dawa ya chawa na utitiri. Kiota kiwe mahali ambapo kuku hawajawahi kukaa. Vifaranga wakishaanguliwa walelewe juu ya sakafu ya waya au mbao iliyoinuliwa, kinyesi kipite chini. Wapo wanaomwondoa koo mara moja na kutumia taa ya joto, nasi twaliona hilo kuwa salama zaidi, ijapokuwa kifaranga asiye na mama huchelewa kujua kula. Tausi mama humlisha mwanawe kutoka mdomoni. Mlezi wa kibinadamu hana budi kukaa naye, amwonyeshe punje kwa ncha ya kijiti mara nyingi kwa siku. Kazi hii watoto wa nyumbani huipenda.

Chakula cha vifaranga wa kuku hakiwatoshi kwa protini. Ongezeni yai la kuchemsha lililopondwa, dagaa wasio na chumvi waliosagwa vizuri, na majani mabichi yaliyokatwa vipande vidogo. Mabawa yao huota upesi mno, na baada ya siku chache huruka ukuta wa boksi. Funikeni kwa wavu. Ikitokea kinyesi cha manjano, mtengeni mgonjwa siku hiyo hiyo na mwiteni daktari wa mifugo, maana kungoja hadi kesho yake huenda kukamaliza kizazi kizima.

Dume mzima huangusha manyoya ya mkia kila mwaka baada ya msimu wa kupandana. Yaokoteni yakiwa safi na kuyahifadhi pakavu. Yana wanunuzi wake, na hayamgharimu ndege chochote.